Korosho za Langoni

Ijumaa ile nilikuwa na kazi moja tu: kwenda Mtongwe kukata vikonyo vya kubebesha, yaani kupandikiza, miche ya Ami Barakat. Sijamaliza chai, mwenyewe akanipigia simu kutoka Mjambere.

"Najib yuwaja leo na msumeno," alisema.

"Si tulisema Jumamosi, Ami?"

"Jumamosi ana kazi kwengine. Nimemwambia aje leo saa mbili. Si wewe ulosema ikatwe mapema, kabla ya mvua?"

"Ndiyo."

"Haya basi."

Akakata simu. Ami Barakat ni ndugu mdogo wa marehemu baba yangu. Ana miaka sabini na sita, na kwenye simu hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi. Sikuona ajabu. Nilimwamsha binti yangu Lamis, nikamwambia avae viatu vya kufunika, tukatoka Magongo kabla jua halijachoma.

Miti iliyokuwa ikikatwa siku hiyo ni mikanju ishirini na miwili iliyo nyuma ya nyumba ya Ami. Babu yangu ndiye aliyeipanda, kwa mbegu alizochagua mwenyewe kwa mkono. Makanju, yale matunda mekundu na ya manjano yenye maji, majirani hula wapendavyo. Korosho inayoning'inia chini ya tunda ndiyo inayomweka Ami mjini. Hana pensheni, na mwanawe wa pekee yuko Oman na maisha yake. Miaka ya karibuni ukungu mweupe umekuwa ukiunguza maua na mavuno yamepungua. Mwaka jana aliniuliza, "Wewe uliyesoma waniambiaje?" Nikamwambia akate yote, apande mikanju ya kigeni. Nilisema hivyo bila kumumunya maneno, kwa sababu nilikuwa na daftari la misimu mitatu.

Mimi nina diploma ya kilimo, na ni afisa wa shamba wa chama cha wakulima wa korosho. Miaka sita iliyopita chama kilileta miche ya kubebesha kutoka nchi tatu ili tuone upi utakubali udongo wetu. Tuliipanda kwenye shamba letu la Mtongwe, ambalo ni kipande kirefu chembamba kinachoteremka kutoka barabarani hadi ufukoni. Mistari minne, kila mmoja miti minane. Kuanzia langoni: Mbrazili, kisha Mhindi, kisha Mtanzania, na chini kabisa karibu na maji, Mwenyeji, yaani mbegu yetu wenyewe kwa ajili ya kulinganisha. Majina hayo waliyatoa wanachama, na yalikaa.

Chuoni tulifundishwa kuichanganya miti, huyu hapa, yule pale, ili aina moja isipate udongo mzuri peke yake. Mimi nikaipanga kwa mistari minyoofu, kila aina na mstari wake, ili Mutua asichanganyikiwe. Mutua ndiye mlinzi wa shamba. Nikamwambia afagie chini ya miti asubuhi na jioni, apime korosho za kila mstari, aandike. Nilimwandikia kanuni kwenye jalada la daftari kwa kalamu nyekundu: KOROSHO ILIYO CHINI YA MSTARI NI YA MSTARI HUO. Nilijiona nimemaliza.

Misimu mitatu Mbrazili akawaacha wenzake mbali. Msimu huu alikuwa amefika kilo sabini na mbili. Mtanzania hakufika arubaini na tano, na Mhindi na Mwenyeji walikuwa nyuma yake. Mkutano mkuu ukaamua tumpande Mbrazili kila mahali, tuanze na shamba la Ami Barakat, wengine wafuate wakiona miche yake imeshika.

Tulipofika Mtongwe Mutua alikuwa ameshatandaza magunia kivulini.

"Karibu Mama Lamis. Leo umeleta daktari?"

"Bado muuguzi," Lamis alimjibu. "Nikikuchoma sindano utalia."

"Mkamba halii. Anakumbuka tu."

Nilimwambia Lamis amwage korosho za Mbrazili kwenye karai, achague mia moja nzuri nikamwonyeshe Ami. Mimi nikashika mkasi nikaingia mstari wa kwanza kukata vikonyo, vile vichwa vya matawi vyenye chipukizi nono, urefu wa kalamu. Nilikuwa nimekata kama ishirini aliponiita.

"Mama, hizi si ndugu."

"Nini?"

"Njoo uone. Hii ndogo, hii kubwa, hii imepinda kama figo. Si uliniambia miche ya kubebesha yote imetoka mti mmoja, kwa hivyo korosho zake zote hufanana?"

"Miti bado michanga, Lamis. Ikikomaa zitatulia."

"Mtanzania naye si mchanga? Gunia lake hili hapa. Zote sura moja, utadhani zimepigwa chapa."

"Wewe soma uuguzi wako."

"Abee, mama," alijibu, kwa ile sauti anayoitumia akitaka nijue kwamba hajakubali.

Nikarudi kwenye vikonyo. Nakiri kwamba hata mimi nilikuwa nimeiona tofauti ile msimu uliopita. Niliiona nikaiacha, kwa sababu uzito ulinifurahisha.

Ilikuwa kama saa nne na nusu. Kule chini mashua ndogo za wavuvi zilikuwa zimeshafika, na watu walianza kupanda kutoka ufukoni kwa kijia kinachokatiza shamba letu. Hatujawahi kukifunga. Kijia kile kilikuwepo kabla yetu, tangu watu walipokuwa wakipanda kutoka kwenye kivuko cha zamani, na mtu akifunga njia ya watu Mtongwe ataishi vibaya. Walipita watatu, wanne, wakisalimu. Nilikuwa nimewapa mgongo nikikata vikonyo vyangu. Nilikuwa na kawaida ya kuja Jumatatu asubuhi na mapema, nachukua hesabu, naondoka. Saa hiyo ya watu kupita haikuwahi kunikuta shambani.

Kisha akapita Quinter, mama muuza samaki, na karai lake kichwani limefunikwa gunia bichi. Alikuwa anamalizia kanju jekundu, maji yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Alipofika langoni alikunja magoti taratibu, karai halikutikisika hata kidogo, akaweka korosho chini ya mti wa kwanza wa Mbrazili. Akainuka, akajifuta mkono kwenye leso.

Makanju ya Mbrazili ni ya manjano. Yote. Hayana hata moja jekundu.

"Quinter," niliita. "Umeweka nini hapo?"

"Korosho yenu, mama." Alishangaa kuulizwa. "Kanju nimekula, korosho nimerudisha. Mimi si mwizi."

"Sikusema wewe mwizi. Hilo kanju umelichuma wapi?"

"Kule chini. Ule mstari wa makanju mekundu, matamu."

"Sasa mbona korosho umeileta huku?"

"Kanju linaisha nikifika hapa. Sasa nirudi kule chini na samaki kichwani kwa korosho moja? Nilipohamia hapa jirani yangu Bi Shaza aliniambia, desturi ya watu wa Mtongwe ni hivi: kanju la mpita njia, korosho ya mwenyewe. Kula, lakini iache chini ya mti. Na watu wote wanaacha hapa langoni. Angalia."

Nikaangalia. Chini ya mti wa kwanza kulikuwa na kichuguu cha korosho kilichopangwa vizuri, kama sadaka iliyowekwa na mtu. Mutua alikuwa amefagia alfajiri. Kichuguu kile kilikuwa cha asubuhi moja.

Niliweka mkasi chini, nikaita.

"Mutua!"

Akaja mbio, ufagio mkononi.

"Hizi korosho za langoni wanazoweka wapita njia, huwa unazipeleka wapi?"

"Kwa Mbrazili."

"Tangu lini?"

"Tangu tuanze, mama."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Hakusema kwa ujeuri. Alienda kibandani akaleta daftari, akaninyooshea jalada. "Umeandika mwenyewe. Iliyo chini ya mstari ni ya mstari huo. Mimi nikasema, Mama Lamis ana elimu yake, kama anataka hivyo, ana sababu."

Nilimwona Lamis akiuma mdomo wa chini kwa nguvu zote.

"Sema tu," nilimwambia.

"Sisemi kitu, mama."

"Hesabu basi. Tuseme watu sitini kwa siku, korosho moja moja, siku tisini."

"Elfu tano na mia nne."

"Kilo moja ni korosho kama mia na sabini."

Alitoa simu. "Kilo thelathini na kidogo."

Thelathini na kidogo, ukiziondoa kwenye sabini na mbili, unabaki na mkanju wa kawaida kabisa. Na hizo thelathini zilikuwa zimetoka kwa wale wengine. Watu wa Mtongwe walikuwa wamemwongezea Mbrazili korosho kwa uaminifu wao, moja moja, misimu mitatu, na mimi nikaandika ripoti.

Lakini hesabu ya kichwani haitoshi, na sikutaka kumpigia Ami simu kwa dhana. Nilikwenda mstari kwa mstari nikachuma korosho zilizokomaa moja kwa moja kutoka tawini, tano kwa kila mti, nikazipanga juu ya gunia: za Mbrazili ndogo na za mviringo, za Mtanzania kubwa zenye kiuno, za Mhindi ndefu nyembamba, za Mwenyeji kila moja na sura yake. Kisha nikafumba macho nikachota mia moja kutoka gunia la Mbrazili. Lamis, Mutua na Quinter wakachuchumaa kuzitenga, kila korosho kwa jamaa zake. Quinter alikuwa mwepesi kuliko sote. Samaki wake walikuwa wanangoja kivulini na hakuonekana kuwajali.

Mbrazili halisi zilikuwa hamsini na nne. Zilizobaki, nyingi zilikuwa zile kubwa zenye kiuno.

"Mtanzania," Lamis alisema. "Mama, wa kwanza ni Mtanzania."

"Labda. Tutajua tukipima sawasawa." Nilikuwa nimeshashika simu.

Simu ya Ami ilikuwa imezimwa. Saa tano na dakika kumi, Ijumaa. Yeye huzima simu akianza kuoga kwa ajili ya swala, huiwasha akikumbuka, na mara nyingi hakumbuki mpaka magharibi. Namba ya Najib sikuwa nayo. Nyumbani kwa Ami hakuna mtu mwingine, mkewe alifariki miaka minne iliyopita.

Msumeno ulikuwa uanze saa mbili. Mti mmoja mkubwa huchukua msumeno nusu saa kuuangusha, pengine chini ya hapo.

"Vikonyo je?" Mutua aliuliza. Vilikuwa vimeviringishwa kwenye kitambaa kibichi, ishirini na kitu.

"Wape mbuzi."

Quinter akatwika karai lake. "Mama, ni mimi nimeharibu?"

"Hapana. Wewe umenisaidia. Nenda kauze samaki."

Bodaboda wawili, mimi mmoja, Lamis mmoja, hadi Likoni. Feri ya kwanza ilikuwa imejaa ikatuacha. Nilisimama kwenye uzio na watu mia tano na malori mawili, nikapiga simu ile iliyozimwa mara kumi na moja. Lamis alinihesabia.

"Mama, hata ukipiga mara mia."

"Nyamaza."

"Ami si mtu wa haraka. Pengine hata hawajaanza."

"Ami akisema saa mbili ni saa mbili. Alinilea mimi, namjua."

Nilichokuwa nikikiona kichwani si miti tu. Mche mpya huanza kuzaa mwaka wa tatu, na wa kueleweka ni wa tano. Ami angekaa miaka mitatu akitazama visiki, akila cha kuletewa, kisha avune kwa huyo Mbrazili wa kawaida ambaye nilimsifu kwa korosho za watu. Kwa neno langu. Yeye hangenilaumu, na hilo ndilo lililokuwa likinichoma zaidi. Angesema, "Haya basi."

Upande wa pili tulichukua tuktuk moja kwa moja hadi Kisauni. Dereva alikuwa na adabu ya kutouliza maswali. Darajani msongamano, Kongowea msongamano zaidi. Tulifika njia ya Mjambere ikiwa karibu saa nane na nusu, watu wametoka msikitini zamani. Tuktuk ilipokata kona ya nyumba ya Ami niliusikia msumeno.

Ulikuwa unalia vile msumeno unavyolizwa na mbao ngumu, juu, chini, juu. Kisha kishindo. Ardhi ilitikisika mpaka ndani ya tuktuk.

Niliruka kabla haijasimama. Nilivua viatu nikavishika mkononi nikapita kando ya nyumba mbio, miaka arubaini na tisa na goti bovu, nikipiga kelele, "Simamisha! Najib, simamisha!"

Msumeno ukanyamaza.

Kwanza niliona vumbi. Kisha nikaona majani. Kisha nikaanza kuhesabu, sikuwasalimu hata watu, nilihesabu vigogo vilivyosimama kwa kidole kama mwendawazimu. Ishirini na moja. Nikarudia. Ishirini na moja. Ulioanguka ni ule ulio karibu na choo, mkanju dume, kama tulivyokuwa tukiuita tangu mimi mtoto, usiowahi kuzaa hata korosho ya kuonja.

Ami Barakat alikuwa ameketi barazani na kanzu yake ya Ijumaa, kikombe cha kahawa mkononi.

"Mwanangu, mbona wahema hivyo?"

"Shikamoo Ami." Nilishika nguzo. "Mmoja tu? Mmekata mmoja tu?"

"Marahaba. Mmoja. Kwani wewe ulitaka mingapi?"

Najib, kijana mnene mwenye miwani ya plastiki paji la usoni, aliweka msumeno chini kwa hasira. "Mama, wewe ndiye mwenye shauri hili? Nisaidie. Mimi nimefika saa mbili kamili. Nikapewa mahamri na mbaazi. Nimemaliza, nikawasha msumeno, mzee akasema ngoja, uji waja. Nikanywa uji. Saa nne na nusu akataka anionyeshe kila mti na historia yake, huu ulipandwa mwaka gani, kwenye huu alianguka mjomba gani. Saa tano tukaenda kujitayarisha na swala. Tumerudi, kuna pilau. Nikamwambia, mzee, mimi nimekuja kukata miti, sikuja kuposa!"

"Nimfanyishe mtu kazi na njaa?" Ami alisema, bila kunitazama.

"Mzee, njaa ilikwisha saa mbili na robo!"

Lamis alikuwa amefika nyuma yangu. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kisiki kipya.

Mimi sikucheka, bado. Niliketi kando ya Ami nikamwambia yote jinsi yalivyokuwa. Sikuzunguka. Nilimweleza kuhusu kijia, kuhusu makanju mekundu, kichuguu cha langoni, kanuni yangu ya kalamu nyekundu. Nilimwambia miti niliipanga vibaya kwa uvivu wa kufikiri, na tofauti ya korosho niliiona mwaka jana nikaifumbia macho. "Ami, nimekosea. Usikate. Mbrazili si bora kama nilivyokwambia. Pengine Mtanzania ndiye, lakini hata hilo siliapii."

Alisikiliza mpaka mwisho. Alizungusha kikombe.

"Kwa hivyo watu wa Mtongwe hawakuiba hata moja."

"Hata moja, Ami."

"Wallahi watu wazuri." Akatikisa kichwa. "Wamekutia hasara kwa uzuri wao."

"Mimi ndiye niliyejitia."

"Na mimi nisikate."

"Usikate. Nitapima upya misimu miwili, kila mti peke yake. Na hii yako nitaipima pia. Hujawahi kuniambia upi wazaa na upi hauzai."

"Hujawahi kuniuliza," alisema.

Ilikuwa mara ya pili siku hiyo.

"Misimu miwili," alirudia. "Nina miaka sabini na sita, Alawiya."

"Basi usife."

Najib alishtuka. Ami ndiye aliyecheka, kicheko kile cha kifuani ambacho sikuwa nimekisikia tangu mkewe alipofariki, mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Kisha akatazama miti yake, na mabega yake yakashuka polepole kama mtu aliyetuliwa gunia. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilipaswa kuelewa tangu asubuhi kwenye simu.

"Hukutaka kuikata," nilimwambia.

"Nilikwambia nataka?"

"Ulisema haya basi."

"Wewe una diploma. Mimi nina mikanju ya mzee wangu. Nitabishana na diploma kwa nini, kwa mapenzi? Nikasema nitakata, lakini nitaanza na huu usiozaa, na Najib ale kwanza." Akamgeukia. "Na jioni kulikuwa na viazi karai."

"Viko wapi?" Najib aliuliza.

Nilicheka hapo. Nilicheka na machozi yakanitoka, na nikayafuta na buibui langu haraka, kwa kuwa Lamis alikuwa ananitazama.

Tulikula viazi. Najib aliupasua ule mkanju dume kuwa kuni, akaondoka na nusu yake kwenye mkokoteni, akisema hajawahi kupata kazi nyepesi iliyomshibisha hivyo. Alasiri ilipopoa nilizunguka shamba na Ami, daftari jipya mkononi, na safari hii nilikuwa namuuliza mimi. Huu? Wazaa sana lakini korosho ndogo. Huu? Ukungu hauugusi, sijui kwa nini. Nikasimama.

"Hauugusi kabisa?"

"Miaka yote. Jirani yake aungua, wenyewe wachanua tu. Na ule wa pembeni vilevile."

Niliufunga mti ule utepe mwekundu, na ule wa pembeni nao. Siku hiyo nilikuwa nimeshasema ya kutosha kuhusu miti nisiyoipima. Lakini nilijua Jumatatu nitarudi na mkasi, na vikonyo vitakavyokwenda Mtongwe kupandwa kati ya Mbrazili na Mtanzania, vimechanganywa huyu hapa yule pale, vitatoka hapa.

Jumatatu hiyohiyo ningesimama mbele ya chama pia na kusema nimekosea. Wangenitania mwaka mzima. Haidhuru. Hakuna aliyekuwa amekata hata tawi, kila mtu alikuwa anamngoja Barakat aanze, na Barakat alikuwa analisha watu mahamri.

Kuhusu wapita njia, Lamis alishauri niandike kibao: MARUFUKU KUCHUMA. Nilimwambia hapana. Nitanunua vikapu vinne nivitundike langoni, kimoja cha makanju mekundu, kimoja cha manjano, na viwili vya wasiokumbuka, na Quinter ndiye atakayewafundisha wenzake. Uaminifu wao ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni mahali pa kuuweka.

Tulipoaga, Ami alinichumia kanju moja, kubwa, la manjano, kutoka mti ule wa utepe. Nililila tukielekea nje, maji yakinichuruzika, Lamis mbele ananihimiza kwamba giza litatukuta kwenye feri ya malori. Nilipofika langoni kanju lilikuwa limekwisha na korosho ilikuwa mkononi.

Nikageuka nikarudi.

"Umesahau nini?" Ami aliniuliza kutoka barazani.

"Sijasahau kitu."

Nilipita nyuma ya nyumba, nikapita kisiki kibichi, nikahesabu miti hadi ule wenye utepe, nikainama na goti langu bovu nikaiweka korosho chini yake. Nyuma yangu nilimsikia Ami akimwambia Lamis, "Mwache. Yuwajifunza."